Chujio Likijaa, Nani Analitoa? Historia ya Nyuzi za Mimea na Mito Michafu

Kusafisha Mto Nairobi ni ahadi ya kale kuliko wengi wetu tunaosoma hapa. Mwaka 1999 kulianzishwa mpango wa bonde la Mto Nairobi chini ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako papo hapo Gigiri. Baadaye akaja marehemu John Michuki, waziri wa mazingira kutoka 2008, na bustani iliyo kando ya mto bado ina jina lake. Mwaka 2025 serikali ikazindua mradi mwingine, huu wa takriban Sh50 bilioni. Mto nao umekaa tu pale, mweusi, ukinuka, ukisubiri ahadi inayofuata.

Na kila ahadi ikija, mtaani hutakosa mtu wa kusema: "Kwani ni lazima mabilioni? Si kuna jamaa wanasafisha maji na makumbi ya nazi? Si kuna wanaotumia katani?" Watu humcheka. Mimi simcheki, manake ako na historia upande wake. Nyuzi za mimea zimechuja maji ya binadamu kwa maelfu ya miaka, na zimefanya kazi mahali ambapo vitu ghali vilishindwa.

Lakini historia hiyo hiyo iko na swali moja ambalo wale wa "tuweke makumbi tu" hawaliulizi, na wale wa mabilioni pia hawaliulizi. Chujio likijaa, nani analitoa? Twende polepole, utaona kwa nini kila kitu kinarudi hapo.

Mto ulikuja na chujio lake

Tuanze nyumbani. Jina Nairobi limetoka kwa Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Hakuna mtu angeipa jina hilo maji yanayopita Gikomba leo.

Mto wenyewe unaanzia Ondiri, kinamasi kilicho karibu na mji wa Kikuyu. Ondiri si ziwa na si nchi kavu. Ni mkeka mnene wa mimea, mizizi na mboji unaoelea juu ya maji, na ukiukanyaga unatikisika chini ya miguu. Kwa maneno mengine, chanzo cha mto wetu ni nyuzi. Maji yanapita polepole katikati ya mamilioni ya mizizi kabla hayajaanza safari ya kuteremka.

Reli ilipofika hapa mwezi Mei 1899, bonde lililo kati ya mji wa sasa na Ngara lilikuwa kinamasi cha mafunjo. Ukitaka kujua kinamasi hufanya nini, fikiria mtu wa Pwani akichuja tui kwa kifumbu: tui linapita, machicha yanabaki. Mafunjo hufanya vivyo hivyo. Yanapunguza mwendo wa maji, tope linashuka chini, uchafu unanata kwa mizizi, na viumbe vidogo vinavyoishi kwenye mizizi vinaumega na kuula.

Wakoloni hawakuona kifumbu. Waliona mbu. Na tusiwaonee, malaria ilikuwa kweli na iliua watu. Mwaka 1902 tauni pia ikaingia, na soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya serikali. John Ainsworth, aliyesimamia eneo hili kwa niaba ya serikali ya kikoloni, anakumbukwa kwa kupanda mikaratusi mjini, miti inayonyonya maji vibaya sana. Mwaka 1913 Profesa Simpson akaletwa kuchunguza afya ya mji, na sehemu kubwa ya ushauri wake ikawa kutenganisha watu kwa rangi zao. Yaani badala ya kutenganisha majitaka na mto, walitenganisha Mwafrika na Mhindi na Mzungu.

Sehemu ya kinamasi hicho iliwahi kumilikiwa na mlowezi Ewart Grogan. Jina hilo si unalijua? Barabara ya Kirinyaga kabla ya Uhuru iliitwa Grogan, na mpaka leo ukitaka spea ya gari unaambiwa uende Grogan. Sasa ona vile historia inacheka. Pale ambapo mafunjo yalikuwa yakichuja mto, leo kuna magaraji yanayomwaga oili chafu, na inateremka moja kwa moja mpaka majini. Tuling'oa chujio, halafu tukaongeza uchafu mahali pale pale.

Maji hayo hayaishi Ruai. Yanaingia Mto Athi, yanapita Fourteen Falls kule Thika, yanakuwa Galana, yanakuwa Sabaki, na yanaingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Bwawa la Thwake, ambalo watu wa Makueni wameahidiwa maji yake kwa miaka, liko chini ya njia hiyo hiyo. Ukimwaga kitu Grogan, kuna mkulima huko chini atakinyunyizia sukuma wiki, na huenda sukuma hiyo ikarudi sokoni Nairobi ikakuta wewe.

Uzi unafanya nini hasa

Kabla hatujatoka Kenya, tuelewane kuhusu uzi wenyewe, manake watu wengi wanafikiri ni uchawi ama ni upuzi.

Chukua kumbi la nazi, ama katani, ama pamba, ama bua la mafunjo. Vyote vimejengwa kwa selulosi, na vingi vina lignini, ile gundi inayofanya mmea usimame wima. Nyuzi hizi husafisha maji kwa njia tatu tofauti, na ukizichanganya utadanganyika.

Njia ya kwanza ni kuzuia tu. Uchafu mkubwa kuliko tundu haupiti. Hii ni kazi ya kifumbu.

Ya pili ni kunata. Uso wa selulosi na lignini una sehemu ambazo chembe fulani hushikilia: rangi za nguo, madini mazito kama risasi na shaba. Ndiyo maana wanasayansi duniani kote wamejaribu karibu kila taka ya shambani unayoijua, kuanzia makumbi na maganda ya ndizi mpaka machujo ya miwa.

Ya tatu ni kufyonza mafuta. Nyuzi nyingi za mimea zina nta kidogo juu yake, na sufi ndiyo bingwa hapa. Ukiitupa sufi kwa maji yenye mafuta, inayakataa maji na kuyakubali mafuta.

Sasa mipaka yake. Uzi hautoi chumvi iliyoyeyuka. Uzi peke yake hauui virusi. Na madini yaliyonata kwa uzi hayajapotea, yamehama tu. Jana risasi ilikuwa kwa maji, leo iko kwa kumbi lako. Ukiliacha kumbi hilo hapo mpaka lioze, risasi inarudi mtoni. Ukilichoma ovyo, unaitawanya. Kwa hivyo mtu yeyote anayekuambia kuwa makumbi "yanamaliza" uchafu, muulize amepeleka wapi yale makumbi ya mwezi uliopita.

Sari kuukuu za Bangladesh

Kuchuja maji kwa kitambaa ni kwa kale sana. Wagiriki walikuwa na mfuko wa kitambaa unaohusishwa na tabibu Hippocrates, na maandiko ya tiba ya India ya kale yanataja kuchuja maji. Lakini ushahidi mzuri zaidi ni wa juzi tu, na umetoka kwa wanawake wa vijijini.

Rita Colwell, mwanasayansi wa Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza bakteria wa kipindupindu. Yeye na wenzake waligundua kwamba bakteria hao hukaa kwenye mito na maji ya pwani, tena mara nyingi wamejishikiza kwa vidudu vidogo sana vya jamii ya kamba, vinavyoelea majini. Bakteria mwenyewe ni mdogo mno, hakuna kitambaa kitamzuia. Lakini yule mdudu aliyembeba ni mkubwa kiasi. Ukimzuia mdudu, umewazuia abiria wake wote.

Basi swali likawa: ni kitambaa gani kila mwanamke wa kijiji cha Bangladesh ako nacho bila kununua? Sari kuukuu ya pamba. Maabara ikaonyesha kitu cha ajabu. Sari mpya si nzuri sana kwa kazi hii. Iliyochakaa, iliyofuliwa mara nyingi mpaka nyuzi zake zimelegea na kuvimba, ndiyo bora, kwa sababu matundu yake yamejiziba yenyewe. Ukiikunja angalau mara nne, tundu linalobaki ni kama sehemu moja kati ya 50 za milimita.

Wakaijaribu kijijini, eneo la Matlab, katika vijiji 65 vyenye watu wapatao 133,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48 katika vijiji vilivyotumia sari. Hakuna pampu wala mtambo uliopelekwa kwa hao wamama. Kulikuwa na mtungi, kitambaa, na mkono wa mtu wa kukikunja. Kundi lingine lilipewa wavu wa nailoni uliotengenezwa maalum, na sari haikuachwa nyuma na huo wavu.

Hapa ndipo nataka usome polepole. Kila siku, baada ya kuteka maji, mama huyo alikuwa anasuuza kitambaa chake kwa maji ya mto, kisha anakianika juani kikauke. Hiyo ndiyo nusu ya teknolojia. Kitambaa kisichosuuzwa ni nyumba ya bakteria. Watafiti walirudi miaka mitano baadaye na kukuta karibu asilimia 31 ya wanawake bado wanachuja maji, ingawa hakuna mtu alikuwa akiwasimamia tena. Unaweza kusema ni kidogo. Mimi nasema, niambie mradi gani wa mabilioni hapa kwetu ambao theluthi moja yake bado inafanya kazi miaka mitano baada ya wafadhili kwenda.

Nairobi imepigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, mwaka 2017 ukiwemo. Sisemi tukachuje maji ya Mathare kwa leso. Maji ya Mathare yana zaidi ya vidudu. Nasema chujio la Bangladesh lilifanya kazi kwa sababu lilikuwa na mwenyewe.

Sabuni dhidi ya majani makavu

Turudi kwa ile oili ya magaraji, kwa sababu mafuta yana historia yake, na ni historia ambayo mataifa tajiri yaliisoma kwa uchungu.

Mwezi Machi 1967 meli ya mafuta iitwayo Torrey Canyon iligonga mwamba karibu na Cornwall, Uingereza. Ilikuwa imebeba tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi. Uingereza ikafanya kila kitu ambacho serikali yenye pesa hufanya ikipaniki. Ndege za kivita zikailipua meli ili mafuta yaungue. Halafu wakamwaga takriban tani 10,000 za sabuni za viwandani baharini na ufukweni ili kuyeyusha mafuta. Ufuo ukaonekana msafi. Lakini konokono, kaa na viumbe wengine wa miambani walikufa zaidi kwa ile sabuni kuliko kwa mafuta yenyewe.

Miaka miwili baadaye, Januari 1969, kisima cha mafuta kilipasuka chini ya bahari mbele ya Santa Barbara, California. Mapipa kati ya 80,000 na 100,000 yakamwagika. Na unajua kitu gani kilitumika sana pale ufukweni? Majani makavu. Yale ya kulisha farasi. Walitandaza marobota kwa marobota juu ya mafuta, yakafyonza, kisha watu wakashuka na uma za shambani na sepetu wakayakusanya yakiwa meusi tititi. Kati ya waliofanya kazi hiyo walikuwemo wafungwa.

Nchi iliyompeleka mtu mwezini mwaka huo huo ilisafisha ufuo wake kwa nyasi na sepetu. Si kwa sababu haikuwa na kemikali. Somo la Torrey Canyon lilikuwa bado bichi, watu wakijua kwamba sabuni huficha mafuta na kuyaacha majini, lakini nyasi huyashika ili uyatoe. Tofauti ni hilo neno la mwisho, uyatoe. Majani makavu yangeachwa pale ufukweni yangekuwa uchafu juu ya uchafu.

Sasa leta picha hiyo Grogan. Garaji moja ikiwa na mtaro wake, na kwenye mtaro kuna gunia la sufi ama makumbi limewekwa mahali ambapo maji yanapita, oili nyingi itaishia kwenye gunia. Lakini gunia hilo litajaa, na siku litakapojaa ndipo utajua kama ulikuwa na mradi ama ulikuwa na picha ya kupiga na kuposti.

Mmea mmoja, hadithi mbili

Ushahidi wangu mkubwa ni mmea ambao Mkenya yeyote wa upande wa ziwa anauchukia: magugu maji.

Mmea huu ulitoka Amerika Kusini. Uliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ulikuwa umefunika maelfu ya hekta katika Ghuba ya Winam. Mashua zilikwama, wavuvi walikaa nyumbani, ikabidi waletwe wadudu maalum wa kuutafuna. Lakini tuulize, ulikuwa unakula nini mpaka ukanenepa hivyo? Ulikuwa unakula uchafu wetu: mbolea iliyosombwa na mvua, majitaka ya miji, udongo wa mashamba. Magugu maji yalikuwa yakilitibu ziwa bila kibali cha mtu.

Wakati huo huo, huko Marekani, kituo kimoja cha shirika la anga la NASA kule Mississippi kilikuwa kimeshayafanya magugu haya kuwa wafanyakazi. Kuanzia miaka ya 1970, mwanasayansi Bill Wolverton alikuwa akiyapanda kwenye mabwawa ya majitaka. Mizizi yake mirefu kama nywele ilishika uchafu, mimea ikanenepa, halafu ikavunwa, nafasi ikaachwa ya mimea mipya kumea. Maji yakatoka safi zaidi kuliko yalivyoingia.

Mmea ni ule ule. Mississippi ni mfanyakazi, Kisumu ni janga. Kuna tofauti za ukubwa, ndio, ziwa si bwawa. Lakini tofauti kubwa ni kuvuna. Magugu yasiyovunwa huzeeka, hufa, huzama, huoza, na kurudisha kila kitu yalichokishika, tena yakiwa yamemaliza hewa ya samaki.

Kama hutaki kwenda mpaka Kisumu, nenda Nairobi Dam pale kati ya Kibera na Lang'ata. Lilijengwa 1953 kama hifadhi ya maji ya dharura, na watu waliwahi kucheza na mashua za tanga pale. Leo ni tope na magugu. Chujio lilijaa, hakuna aliyelitoa, na bwawa lenyewe likageuka kuwa uchafu.

Majirani zetu Waganda wana hadithi inayofanana, ila yao iko na hesabu ya pesa. Kinamasi cha Nakivubo, Kampala, kilikuwa kikipokea majitaka ya mji kabla hayajafika kwenye ghuba ya ziwa, karibu na pale Ggaba ambapo mji huo huo unachota maji ya kunywa. Mwaka 1999 wachumi waliofanya kazi na shirika la uhifadhi la IUCN walikadiria kuwa kazi hiyo ya bure ya mafunjo ilikuwa na thamani ya mpaka dola milioni 1.75 kwa mwaka. Mafunjo hayo hayakuwa yakilipwa mshahara, ndiyo sababu hakuna aliyeyaona. Viwanda na mashamba yakazidi kukila kinamasi, na baadaye Uganda ikalazimika kutumia pesa nyingi kujenga mitambo ya kufanya kazi ambayo mimea ilikuwa ikifanya bure.

Tumeshafanya hapa nyumbani

Kuna watu watasema haya yote ni ya huko nje. Sawa. Nenda Lang'ata Road, pale Carnivore na Splash. Mwaka 1994 kulijengwa kinamasi cha kutengeneza, cha kutibu majitaka ya eneo hilo. Maji yalipita kwanza kwenye changarawe yenye mimea, halafu kwenye mabwawa madogo yaliyopandwa matete na mimea mingine, mpaka ndege wakaanza kuja kukaa. Watafiti walikipima na kuandika kuhusu kazi yake nzuri. Kilikuwa na watu wa kukiangalia, kilikuwa na mwenyewe aliyetaka bustani yake ipendeze, na majitaka yaliyoingia yalikuwa ya aina inayojulikana.

Angalia hayo matatu: mtunzaji, mwenyewe, na uchafu unaojulikana. Sasa jiulize Mto Nairobi uko na ngapi kati ya hayo.

Pesa ziende wapi basi

Hapa ni maoni yangu, unaweza kunipinga.

Kwanza, sheria. Mkenya amekatazwa kumwaga taka mtoni tangu Sheria ya Mazingira ya 1999, na Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zinaeleza hata viwango. Kiwanda kinachomwaga rangi usiku kinajua sheria iko. Hakuna kumbi, katani wala mafunjo yatakayomshinda mtu anayefungua bomba kila usiku. Nyuzi ni za uchafu uliobaki baada ya bomba kufungwa. Tukizitumia kama kisingizio cha kutofunga bomba, tutakuwa tumewafanyia wachafuzi kazi ya usafi bure.

Pili, nyuzi ziwekwe karibu na chanzo cha uchafu. Si kutandaza makumbi katikati ya mto uliofurika. Kwenye mtaro wa garaji, kwenye mfereji wa soko, kwenye kichinjio, pale ambapo maji bado ni machache na uchafu bado una jina la mwenyewe. Na kando ya mto turudishe mafunjo na matete. Watu wamebomolewa nyumba kwa sababu ziko ndani ya mita 30 za mto, hasa baada ya mafuriko ya 2024. Kama ardhi hiyo ilichukuliwa kwa jina la mto, basi mto urudishiwe chujio lake pale. Ikijengwa kuta za saruji na vibanda vya kupiga picha, familia za Mathare zitakuwa zimefukuzwa kwa sababu ya urembo.

Tatu, tuwe makini hata na nyuzi zenyewe. Tuna mkonge Mwatate, Vipingo na Mogotio, na tuna makumbi yanayotupwa ovyo Kilifi na Kwale. Malighafi si shida. Lakini katani ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani la mkonge, na maji yanayotoka kwa kuliparua jani hilo ni machafu sana yakimwagwa mtoni. Haitakuwa akili kuchafua mto mmoja ili kusafisha mwingine. Tutumie kwanza mabaki: makumbi, nyuzi fupi za katani zisizouzika, majani makavu.

Na nne, hili ndilo la maana kuliko yote: tumlipe mtu wa kutoa chujio. Mwaka 2020, wakati wa korona, mpango wa Kazi Mtaani uliwaweka vijana mitaroni na kando ya mito wakiwa na reki na sepetu. Ukisema ukweli, mitaa ilionekana tofauti. Halafu pesa zikaisha na mpango ukaisha, kwa sababu tuliuona kama msaada kwa vijana wasio na kazi, na si kama kazi. Mtu wa kubadilisha gunia la makumbi pale Grogan kila wiki, akalipima, akalipeleka mahali salama pa kuhifadhi taka zenye sumu, huyo ni mfanyakazi wa maji sawa na injinia wa mabwawa ya kutibu majitaka kule Ruai. Anahitaji glavu, buti, mkataba, na mshahara ulioandikwa kwa bajeti ya kaunti mwaka baada ya mwaka. Mkandarasi akimaliza hukata utepe na kwenda. Huyu hamalizi kazi yake, manake mto haumalizi kutiririka.

Mradi wowote wa mto ukija mbele yako, hata uwe wa bilioni ngapi, usianze kwa kuuliza mashine imetoka nchi gani. Uliza kuna mistari mingapi ya bajeti ya mwaka wa pili, wa tatu na wa kumi, na majina ya wale watakaoshika reki yako wapi. Wanawake wa Matlab hawakuwa na bajeti, lakini kila mmoja wao alijua ni nani atakisuuza kitambaa kesho asubuhi. Mpaka Nairobi iweze kulijibu swali hilo, tutaendelea kuzindua.